Mrejesho: Wanafunzi sasa wanaingia kwenye kozi yangu ya Moodle

Habari zenu wakuu. Niliwauliza kwa nini wanafunzi wangu, japo wana akaunti, hawawezi kujiandikisha kwenye kozi niliyofungua Moodle, ule mfumo wa kufundishia mtandaoni. Ushauri wenu umefanya kazi, asanteni sana.

Tatizo lilikuwa kwenye ukurasa wa washiriki, sehemu ya njia za kujiandikisha. Njia ya mwanafunzi kujiandikisha mwenyewe ilikuwepo, ila alama yake ya jicho ilikuwa imepigwa mstari, yaani imefungwa. Nikaibonyeza ikafunguka, kisha nikaweka neno la siri la kozi ili asiingie mtu wa darasa lingine. Neno hilo si lile la akaunti. Wafafanulieni wanafunzi mapema, maana ni rahisi kuyachanganya.

Kilichonifurahisha zaidi ni kubadili nafasi na kuiona kozi kwa macho ya mwanafunzi. Mada niliyoificha, kwangu inaonekana, kwao haipo kabisa. Walimu wenzangu, msimwite mwanafunzi hata mmoja kabla ya kukagua hivyo.

Kazi za kupakia faili nazo zimekubali. Kinachofuata ni kitabu cha alama. Mwenye uzoefu wa kupanga uzito wa mazoezi na mtihani anielekeze tafadhali.