Nimchore kwa rangi ya uso au kwa rangi ya vidole?

Brashi wa Katuba
Wakubwa zangu, salamu kutoka Lubumbashi. Nimeanza mfululizo wa picha za wanawake wa mtaani kwetu, na wa kwanza kukubali kuketi mbele yangu ni mama anayeuza nywele za bandia na mafuta ya kujichubua. Uso wake umekuwa mweupe kwa mafuta hayo hayo, lakini viungo vya vidole, kama mjuavyo, vimekataa kufuata. Amelipa nusu ya bei, tena amesisitiza kwamba mikono ifanane na uso. Mimi naona habari yote imo katika vidole hivyo. Nikivificha, nitakuwa nimechora tangazo la duka. Nikivionyesha, naogopa kumwaibisha mtu aliyenifungulia mlango wake. Mngefanyaje?

Mzee wa Kamalondo
Mwanangu, jambo hili ni la zamani kuliko unavyodhani. Katika miaka ya 1970 nyumba nyingi za mji huu zilitundika ukutani tablo, yaani picha ya kuchorwa, la mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, ngozi nyeupe, nywele ndefu, nyoka na, mara nyingi, saa ya mkononi. Hakuna aliyeuliza samaki ana haja gani na saa. Saa ilikuwa mali, na mamba muntu aliaminiwa kuwapa watu utajiri kwa masharti makali. Weupe, nywele na vitu vya dukani vilikwisha kuchorwa pamoja hapa kwetu, tena juu ya magunia ya unga. Lakini mamba muntu hana jirani wa kumcheka, na mteja wako anao.

Mama Bikwembe
Niruhusuni niseme bila kuzunguka: wanaume mnapenda kuchora ngozi yetu kama kosa letu. Wakati wa Authenticité, siasa ya Rais Mobutu ya kurudi kwenye asili ya Kiafrika, mama zetu walikatazwa suruali na nywele za bandia, wakaambiwa kwamba kikwembe, yaani kitenge, ndicho asili yao, ilhali waksi, kitambaa cha kikwembe hicho, iliyotamaniwa kuliko zote ilitoka Uholanzi, kwa Vlisco, kampuni iliyoanzishwa Helmond mwaka 1846. Sisemi kwamba mafuta yenye zebaki au haidrokwinoni hayadhuru. Nimeyaona madhara yake usoni mwa dada yangu. Nasema tu kwamba ukitaka kuchora uzuri wa kununuliwa, usiruke kikwembe ambacho wote mnakisifu. Na hivyo vidole, mwulize mwenyewe.

Fundi wa Kenya (komini ya Lubumbashi, si nchi)
Kwa upande wa kazi yenyewe: usiangaze uso kwa rangi nyeupe tupu, kwa maana utapata chokaa, si ngozi. Tumia njano ya udongo na wekundu kidogo, na vivuli uvifanye kwa kahawia iliyotiwa buluu. Mikono iweke mapajani, kwenye kivuli. Hapo vidole havitadanganya wala kupiga kelele.

Brashi wa Katuba
Asanteni sana. Nimemwuliza, Mama Bikwembe, naye akacheka mpaka wateja wakageuka. Amesema vidole nivichore vilivyo, mradi nimshikishe simu yake. Nimekubali. Tatizo ni kwamba kioo cha simu hiyo kimepasuka, na bado sijathubutu kumwuliza kama ufa nao niuchore.