Tumechora ukuta wa jamii bure, sasa rangi inabanduka na lawama zote ni zetu!!

Wakuu hapa nina hasira hata sijui nianzie wapi.

Tuko wachoraji saba wa mtaani, tuliitwa kuchora ukuta wa jamii, kazi ya kujitolea, sawa, hatukukataa. Tunafika tunakuta ukuta umepigwa plasta juzijuzi tu, ukiweka kiganja unasikia ubaridi wa maji kabisa. Mwenzetu akabandika kipande cha nailoni jioni, akakiziba pembeni kwa utepe wa gundi kupima unyevu wa ukuta, asubuhi kwa ndani matone yamejaa. Tukaiita kamati ije ione kwa macho. Tukawaambia plasta ya saruji inataka kama siku 28 hivi ikomae, mkiiwahi ikiwa mbichi alkali, ile kemikali kali ya saruji, inaila rangi na maji yakitoka yanatoka na chumvi, ule unga mweupe. Jibu lao? Mgeni rasmi ameshapewa tarehe. Na praima, ile rangi ya kwanza ya kushikilia zingine, ikakatwa kwenye bajeti ila mahema na zulia jekundu vikapatikana, eti!

Tukapaka. Hapo kosa ni letu, tungegoma. Wawili juu ya jukwaa na spreyi, wengine chini na rola, uso wa yule bibi wa katikati ya mchoro peke yake siku 4 maana kila mtu ana mkono wake, ikabidi mmoja apite mwishoni kuoanisha kivuli cha shavu na cha shingo usionekane kama vichwa viwili. Tukaandika majina yetu kwenye kona, madogo tu. Siku ya uzinduzi pale kwenye kona pana nembo ya mfadhili, kubwa kama mlango.

Haya, mvua mbili tu, shavu la bibi linabanduka magamba. Na sasa ndo majina yetu yamekumbukwa!! Meseji inazunguka kwenye magrupu, wote saba tumetajwa, eti tulichakachua rangi.

Nasikia wanataka kuupiga nyeupe wote kimyakimya. Kule New York mwenye majengo ya 5Pointz, yaliyojaa michoro ya wasanii ukutani, alifanya hivyohivyo 2013, usiku, na 2018 mahakama ikaamuru awalipe wasanii 21 zaidi ya dola milioni 6. Sisi hata karatasi ya makubaliano hatuna, mambo yote yalipitia kwenye simu.

Picha za ile nailoni ninazo na tarehe zinaonekana. Mwenye uzoefu, nianze na kamati au niende moja kwa moja kwa mfadhili?