Mrejesho: Nimeingia leba

Wadau, mwezi uliopita niliuliza: nimemaliza uuguzi, ndoto yangu ni ukunga, je, nianzie wodi ya jumla au niende leba (wodi ya kujifungulia) moja kwa moja? Wengi mlisema niende tu. Nikaenda.

Wiki ya kwanza nilikuwa wa kushika faili. Halafu mkunga mmoja mzoefu akanishika mkono, akauweka juu ya tumbo la mama aliyetoka kujifungua. "Unasikia?" Mfuko wa uzazi ulikuwa laini, haujakaza, na damu inatoka. Tukausugua huku dawa ikiongezwa, mpaka ukawa mgumu kama mpira. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, yuniti 10 huchomwa ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka. Darasani niliikariri tu.

Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, bado inanitoa jasho, maana nilizoea kuanzia mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 4, kumbe mwongozo wa WHO wa 2018 unahesabu uchungu mkali kuanzia 5.

Aliyenishauri nipate kwanza uzoefu wa wodi ya jumla, hukukosea: kuweka kanula (kimrija cha kwenye mshipa) mkono ukitetemeka ni aibu. Nafanya mazoezi. Stashahada ya ukunga nitaomba kuisoma mwakani.