Breki zimenikataa Snetterton: kalipa za Brembo, pedi za mbio au mafuta mapya?

KijanaWaMK
Heshima kwenu wakuu. Wikiendi iliyopita nilikuwa Snetterton kule Norfolk, siku mbili za kujiendeshea uwanjani. Si mashindano, unalipa, unavaa helmeti, unaingia. Jumamosi asubuhi mambo safi. Mzunguko wa sita, mwisho wa Bentley Straight kabla ya kona ya Brundle, nakanyaga breki, mguu unazama mpaka kwenye kapeti. Nikapampu mara tatu ndipo gari likashika, na mimi nimeshapitiliza niko majanini natazamana na sungura. Nikarudi kupumzika nusu saa, breki zikarudi kama hakuna kilichotokea. Mchana ikawa yaleyale. Jumapili nikashinda napiga picha magari ya watu.

Nafasi nyingine ni baada ya wiki mbili, imeshalipiwa. Nina njia tatu: kalipa za Brembo (vile vyuma vinavyobana pedi kwenye diski) zilizotumika, pistoni nne, zimetoka kwenye Subaru STI, na langu pia ni Subaru, jamaa anataka pauni 450. Au pedi za mbio mbele na nyuma, pauni 190. Au mafuta ya breki ya nguvu pamoja na mipira iliyosukwa kwa waya, kama 110 nikifunga mwenyewe. Mfuko unaruhusu kimoja. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

FundiSeif
Subaru gani? Mwaka gani? Mafuta ya breki yalibadilishwa lini mara ya mwisho? Pedi zimebaki milimita ngapi? Yakhe, bei zote umezitaja, ugonjwa hukuuelezea.

Mama_Turbo
Pedi. Usijisumbue na mengine. Pedi za mjini zimetengenezwa kwa ajili ya kwenda Tesco. Mimi nina MX-5, nilibadilisha pedi tu na kalipa ni zilezile za kiwandani, nazunguka siku nzima.

Simba_wa_Nakuru
Dada, MX-5 ni kama tani moja tu, hata ukitupa nanga inasimama 😂 Boss, chukua Brembo. Bei hiyo hutaipata tena.

Mama_Turbo
Basi ukae kimya, maana nimeshakupita mara mbili pale uwanja wa Cadwell.

BahariaMstaafu
Kabla hujanunua chochote cha rahisi mtandaoni, sikia yaliyonikuta. Niliona pedi "za mbio" nusu bei. Boksi zuri, lina na stika, ila jina la kampuni limekosewa herufi moja. Nikajiambia labda ndiyo wanavyoandika huko zinakotoka. Nikaenda nazo uwanja wa Brands Hatch. Asubuhi zinauma vizuri, nikawa najisifu. Baada ya chakula nashuka mstari wa kuanzia, kona ya Paddock Hill mbele yangu, ile ya kulia inayoporomoka kama umetupwa kisimani. Nagusa breki, nasikia KRAAA, chuma kwa chuma, usukani umevutwa kushoto. Nikaenda moja kwa moja kwenye kokoto. Walinivuta kwa trekta na watu wanapiga makofi. Tulipotoa tairi, bamba la pedi liko peke yake, linang'aa. Gundi imeachia, kitambaa chote kimebanduka kama soli ya kiatu cha mtumba. Diski imechimbika mfereji unaweza kupanda mchicha. Ile hela niliyookoa nililipa mara nne. Na mpaka leo nikikata kona kali nasikia kijiwe kinatembea mahali ndani ya mlango, sijakipata.

KijanaWaMK
Pole sana mzee wangu. Fundi Seif, ni Forester ya turbo ya 2004. Mafuta sijui, nina nayo miaka mitatu sijayagusa. Nimefungua kifuniko leo, rangi yake ni chai ya mkandaa. Pedi zina milimita 7. Ah, na ni otomatiki.

Simba_wa_Nakuru
Forester. Otomatiki. Uwanjani. Kiti cha mtoto ulikitoa?

KijanaWaMK
Nilikitoa. Reli za juu ya paa ndizo zilibaki.

FundiSeif
Sasa tunazungumza. Pedeli ikibaki ngumu lakini gari halisimami, hizo ni pedi zimezidiwa na joto. Pedeli ikizama, halafu ukipampu inapanda, na ikipoa inarudi, hayo ni mafuta yamechemka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani kila siku. DOT 4, aina ya kawaida ya mafuta hayo, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, ndiyo maana mguu ukaenda kwenye kapeti. Hizo Brembo ungezifunga na chai yako hiyohiyo ndani, pistoni nne zote zingekunywa chai.

Dogo_Janja_Coventry
Si aweke DOT 5? Namba kubwa ndiyo bora.

FundiSeif
Hapana, hapana. DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine. Anayoitaka ni DOT 5.1, ambayo si hiyo DOT 5, au DOT 4 ya mbio. Na atoe upepo magurudumu yote manne, mtu wa pili akanyage.

Mama_Turbo
Sawa mafuta, lakini otomatiki haimsaidii kupunguza mwendo kwa gia, mzigo wote uko kwenye pedi. Zitakufa tu.

Mwana_Iringa
Otomatiki ina L na 2, zipo kwa kazi hiyo. Nyie hamjashuka mteremko wa Kitonga kule Iringa. Pale dereva anayeteremka kwa breki tupu utamnusa kabla hujamwona. Malori yanashuka gia nzito, polepole, na wanaofika chini ni haohao.

Simba_wa_Nakuru
Kwenye mteremko wa Salgaa, kwetu Nakuru, tuliona. Watu walikuwa wanaweka frii kuokoa dizeli. Kitonga ni fupi.

Mwana_Iringa
Fupi? Umeipita usiku, kuna ukungu, na lori limeharibika kwenye kona?

Baharia­Mstaafu
Turudi kwa kijana. Mzunguko wa mwisho uende taratibu breki zipoe, na ukisimama usivute handbreki wala usiache mguu kwenye pedeli. Weka P na kipande cha ubao nyuma ya tairi. Na bima yako ya kawaida inakulipa ukiwa uwanjani? Nyingi hazilipi.

KijanaWaMK
Bima sikuuliza 😬 Mke wangu anajua nilikwenda kupiga picha tu. Nimeagiza mafuta, lita moja. Ila zile Brembo bado zinanikaa moyoni, jamaa ameshusha mpaka 400.

Mama_Turbo
Pedi!!

FundiSeif
Rimu zako inchi ngapi? Chini ya 17 hizo kalipa hazitoshi ndani.

KijanaWaMK
16.

Simba_wa_Nakuru
Basi nipe namba ya huyo jamaa wa Brembo. Na hizo reli za juu unaziuza?