Tupeane uzoefu: ulienda mbuga ya mlimani, nani alikuonyesha kitu hujasahau mpaka leo?

mtu_wa_kayole

Wazee na akina dada salamu. Mtoto wangu wa gredi ya sita ameleta barua ya shule, wanapelekwa Aberdare, kwenda na kurudi siku moja, na bei ni ile inakufanya uisome barua mara mbili ukidhani sifuri moja imeongezwa kwa makosa. Kabla nitoe hio pesa nataka kusikia kwa watu walioenda, iwe Aberdare, Mlima Kenya, Elgon, popote kwenye msitu wa juu. Sitaki ya "nature ni poa", nataka kujua ulifanya nini huko na ulirudi na nini kichwani.

Naanza mimi. 1994 nilikua darasa la saba na tulikua na kile chama cha wanyama shuleni, hii mambo ya Wildlife Clubs of Kenya iliyoanza 1968, ticha akatupakia kwa basi saa kumi usiku tukaenda Aberdare. Nilikua nimeahidiwa simba. Tulifika tukapata ukungu, walahi ukungu mpaka mtu wa kiti cha mbele huoni anachungulia nini, tukaona mkia wa pongo ukiingia kichakani na nyani wakipekua taka, basi. Nilitaka kulia.

Halafu renja mmoja mzee, koti kubwa la kijani, akatushusha kwa mti umezeeka umefunikwa na ile manyoya ya kijani inamea kwa gome. Hakusema kitu. Akang'oa kiasi cha kujaa ngumi, akaniita mimi nikinge mikono, akaikamua kama mtu anakamua kitambaa cha kudeki. Maji yakanijaa viganja, baridi ya kuuma. Akaniuliza naishi wapi nikamwambia Nairobi, akasema, "Basi kunywa, ni yako, mimi nakuchungia tu." Akatueleza vile mvua na ukungu vinashikwa na hio miti, maji yanashuka pole pole mpaka mito kama Thika na Chania, yanaingia bwawa la Sasumua na lile la Ndakaini lililokua ndio limeisha kujengwa, na huko ndio sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka. Leo niko Kayole mfereji unakohoa mara mbili kwa wiki na mtungi nanunua, na kila nikiubeba ngazi namkumbuka yule mzee. Alikua anachunga vizuri, wa kulaumiwa ni wa huku chini.

Haya leteni.

binti_thika_road

Mimi yangu ni Elephant Hill, hio hio Aberdare lakini upande wa Njabini. Tulienda na kikundi cha kupanda milima, sitakitaja. Tulikutana Archives pale tao saa kumi na moja asubuhi, nimevaa jinzi. JINZI. Hakuna mtu aliniambia jinzi ikilowa inakua kama umefungwa mawe kwa miguu. Unaanza na mashamba ya kabichi na viazi mpaka kwa fensi ya stima, ile inazunguka Aberdare karibu kilomita 400, walimaliza kuijenga 2009, unavuka geti na ghafla uko kwa mianzi giza tupu matope ya magoti. Wa kutuongoza (sitaandika gaidi mtaniitia polisi) alikua na kasi ya mwizi, yeye na vijana wake sita wakapotea mbele wakipiga selfi na sisi wanono tukabaki na askari wa msitu aliyekua nyuma na bunduki.

Na ndio ilikua bahati yangu. Huyo askari alikua hanyamazi. Tukapata mavi ya ndovu katikati ya njia, nikataka kuruka, akasema ngoja, akainama akaweka mgongo wa mkono karibu kabisa bila kugusa, akaniambia na wewe weka. Kulikua na joto! Akasema sasa hivi tunaongea kwa sauti na tunatembea pamoja, maana huyu hajafika mbali, na ndovu kwa mianzi huwezi kumuona ukiwa hata hatua kumi. Akavunja donge na fimbo akanionyesha vipande vya mwanzi havijasagika vizuri na mbegu ndani, akasema huyu ndiye mpanda miti wa hapa na halipwi.

Nilifika ile sehemu wanaita point of despair nikakata tamaa kweli kama jina, nikakaa nikala mayai yangu. Sikufika juu. Lakini waliofika juu niliwauliza kwa matatu waliona nini wakasema "view". Na kwenye mianzi tulipita mahali pamoja.

chapo_dondo

Mko na pesa za kutembelea baridi. Mimi Karura yanitosha, kuna mapango, kuna maporomoko, narudi nyumbani kwa stage ya Limuru Road.

mtu_wa_kayole

Karura sio mlima bro. Lakini sikatai, bila yule mama Wangari Maathai kupigwa pale 1999 saa hii ungekua unatembelea maghorofa.

ticha_wa_sayansi

Mwenye uzi nimefurahi umeuliza kabla ya kulipa, wazazi wengi huuliza baada. Nafunza sayansi shule moja Eastlands na nimepeleka watoto Mlima Kenya mara tatu, kwa hivyo nimeharibu mara mbili na nikapatia mara moja.

Mara ya kwanza tuliharibu hivi: watoto 60, basi moja, tukaingia upande wa Naro Moru, basi likagoma kwa geti maana barabara ya juu ni ya gari za four-wheel tu, tukala soseji kwa geti, tukapiga picha na kibao, tukarudi. Masaa manne kwenda masaa manne kurudi kuona kibao. Mara ya pili hatukulipia mtu wa kutuongoza tukidhani mimi nitafunza. Mimi najua kitabu, msitu siujui. Mtoto aliniuliza huu mti unaitwaje nikamwambia ni mti wa msituni.

Mara ya tatu nilipunguza watoto wakawa 24, nikalipia waongozaji wawili wa pale pale Naro Moru, na nikanunua vipimajoto vinne vya bei rahisi huku River Road. Kutoka geti (kama mita 2,400) mpaka kambi ya Met Station (mita 3,050) ni kama kilomita 9 au 10, tulitembea polepole na kila kituo kikundi kinatundika kipimajoto kwenye kivuli dakika tano wanaandika. Geti tulipata 18, juu tukapata 14. Mtoto mmoja akasema mwalimu, kumbe kitabu hakidanganyi, kila ukipanda mita 1,000 inapungua kama nyuzi 6, sisi tumepanda 650 imepungua 4. Alipiga hio hesabu kwa goti. Mimi huyo mtoto nilitaka kumbeba.

Na yule mwongozaji akaniuliza swali limenikosesha usingizi: kwa nini upande huu wa Naro Moru mnapita mianzi, lakini mkienda Sirimon upande wa kaskazini hamuioni? Sikujua. Akasema upande ule ni mkavu, mvua nyingi inamwagwa pande zingine, na mwanzi unataka maji. Miaka kumi na mbili nafunza mikanda ya mimea ya mlimani kama keki ya tabaka, mlima mzima sawa pande zote.

Kwa hivyo uliza shule maswali mawili tu: watoto wangapi, na nani anatembea nao. Ukiambiwa "kuna dreva", weka pesa yako kwa mfuko.

mjukuu_wa_Nyeri

Ticha hapo umegusa. Kuna kuongozwa na kuna kuongozwa. Mimi nililipia ziara ya siku moja Aberdare upande wa Nyeri, na yule kijana wetu, mpole sana, alituambia habari ya hoteli ya Treetops na binti mfalme wa Uingereza dakika kumi na tano: alipanda mti akiwa binti mfalme akashuka malkia, Februari 1952, baba yake amefariki usiku. Sawa, ni kweli. Halafu tukafika kwa ule mti wa mugumo wanaita posta ya Kimathi, yule kiongozi wa Mau Mau, mahali wapiganaji wake wa uhuru walikua wanaachiana barua, akasema "na hapa ni mugumo wa Mau Mau" tukaendelea.

Nikamwambia simamisha gari. Nyanya yangu alikua anapeleka chakula kwa huo msitu akiwa msichana, unga anaficha chini ya majani ya ng'ombe. Nikashuka nikasimulia mimi, kwamba ile hoteli ya malkia wapiganaji waliichoma 1954, ile inasimama leo si ile ya kwanza, na Kimathi alishikwa Oktoba 1956 pembeni mwa huu msitu, akanyongwa Kamiti Februari 1957, na watu wa Nairobi tunampita kila siku pale Kimathi Street na hatuinui kichwa. Yule kijana alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba nirudie habari ya unga, akaandika kwa simu. Tangu siku hio nikimkumbuka sina hasira naye, ni vile hakuna mtu alimwambia kwamba hio nayo ni ya kulipiwa.

Maporomoko ya Karuru pia tuliona, mita 273, yanaanguka mara tatu. Ukungu ulifunguka kama dakika nne hivi ukajifunga. Enda na subira.

omundu_wa_Kitale

Nyinyi ni watu wa Mlima Kenya, Elgon hakuna mtu anataja. Pango la Kitum, mko na habari? Ndovu wanaingia usiku ndani ya mlima, gizani kabisa, wanapapasa na mkonga, wanachokoa ukuta na pembe wakitafuta chumvi. Tuliingia na tochi, renja akanishika mkono akaupitisha kwa ukuta, ile mistari ya pembe ni mirefu kuliko mkono wangu, laini kama imechongwa na fundi. Alafu akatuambia kwa sauti ya chini tusiguse kinyesi cha popo na tusikae sana, kuna wageni wawili waliugua ile homa ya virusi ya Marburg baada ya kuingia humo, mmoja 1980 mwingine 1987. Dada yangu alitoka mbio akaniacha na tochi yake.

koti_la_mitumba

Mimi nilipanda Mlima Kenya mpaka kilele cha Lenana, mita 4,985, siku nne kwa njia ya Sirimon. Kichwa kiliniuma kambi ya Shipton's vile sijawahi, nikatapika chai yote, na kijana mmoja kwa kikundi chetu alirudishwa chini usiku usiku, hakuna dawa inashinda kushuka. Nasema hii kwa wale wanaona picha za jua likichomoza tu.

Lakini kitu nilibeba sio kilele. Jioni ya siku ya pili mpagazi wetu, mzee wa Nanyuki, aliniita kwa mmea wa lobelia, ile mikubwa inakaa kama kabichi imesimama, akasema angalia sasa, majani yalikua yanajifunga. Asubuhi saa kumi na mbili akaniita tena. Ndani kulikua na maji yameganda barafu juu kama kioo cha saa. Akagonga na ukucha, tak, barafu ikavunjika, chini maji bado ni maji. Akasema mtoto wa huu mmea analala hapo ndani, usiku maji yakiganda juu yeye hagandi. Kisha akanyoosha kidole kwa ile barafu ya juu mlimani, akanionyesha mwamba mtupu, akasema nikiwa kijana ilifika pale. Hapo hakuongeza neno, akaenda kuwasha jiko.

chapo_dondo

Sawa sawa, hio ya lobelia imenimaliza. Sirimon naenda na nguo gani?

binti_thika_road

Sio jinzi.

mtu_wa_kayole

Asanteni wote. Nimepiga simu shule leo asubuhi nikauliza maswali mawili ya ticha. Watoto 58. Nani anatembea nao: "kuna dreva na mwalimu wa zamu". Nilinyamaza kidogo kwa simu. Mwalimu mkuu kumbe ni mtu wa kuongea, nikamsimulia ya yule mzee wa koti la kijani, akasema mkipatikana wazazi wa kuchanga tutaomba waongozaji wa pale getini, na wawe vikundi viwili, wiki mbili tofauti. Kwa kikundi cha wazazi nimetuma ujumbe, kufikia saa saba walikua wamekubali kumi na tisa, mmoja ameuliza kama kutakua na simba.

Pia wanataka wazazi wawili wa kusindikiza, nimeandikisha jina. Ticha nitakutafuta inbox unielekeze duka la vipimajoto. Na kama kuna mtu anajua Gikomba upande gani wanauza gambuti za watoto namba 3 zisizovuja aseme, niende Jumamosi kabla mvua ianze.