Ribiti za Cessna 150 ya zamani zinatoa "moshi", nizigonge tena au nizitoe?

Mleta mada:
Wakuu habari za saa hizi, naombeni ushauri kabla sijaharibu zaidi. Nina ndege ndogo Cessna 150 ya 1966, bodi alumini tupu, sasa tumboni nyuma kidogo ya magurudumu makubwa kuna ribiti (vile vipini vya kuunganisha bati) 11 kwenye mstari mmoja zimeacha michirizi myeusi kama moshi inayoelekea mkiani, nikifuta na kitambaa nikiruka mara mbili tatu inarudi. Mwanzo nilidhani oili. Nimeshatoa tatu kwa drili na tundu moja limekuwa kama yai, roho inaniuma kweli. Jamaa mmoja kasema nizigonge tu zikaze, mwingine anasema niweke pop riveti (zile za kuvutwa kwa bunduki ya mkono). Nifanyeje?

Nyundo Nyepesi:
Mkuu weka drili chini kwanza. Hiyo sio oili, ni unga wa alumini, ribiti imelegea inacheza ndani ya tundu na kila mtetemo unasaga kidogo kidogo, upepo ndo unauburuta nyuma. Kuzigonga tena usithubutu, ribiti ikishapigwa inakuwa ngumu, ukiirudia inaweza kupasuka na usione. Na pop za kawaida za dukani hapana kabisa!!

Hilo la yai, kama ribiti ni ya inchi 1/8 unaweza kupanda saizi moja, 5/32, ila kutoka katikati ya tundu mpaka ukingo wa bati ibaki angalau mara mbili ya kipenyo cha ribiti mpya, yaani milimita 8. Ikipungua hapo usilazimishe.

Bawa la Kale:
Naongezea kwenye kutoa maana hapo ndo wengi tunaharibu, tunatoboa mpaka upande wa pili. Ribiti za AD (aina ya aloi ya alumini ya kwenye ndege) zina kishimo katikati ya kichwa, weka biti hapo, toboa kina cha kichwa tu, halafu ingiza pini uilaze pembeni kichwa kinakatika chenyewe. Shina lisukume na panchi huku mwenzio kaegemeza ubao kwa ndani, la sivyo bati linabonyea. Mpya ya 1/8 ichomoze milimita 4.8 kabla hujagonga, ukimaliza kichwa cha nyuma (kile kinachotokana na kugonga) kiwe na upana wa milimita 4.8 na unene wa 1.6. Na tafadhali usichore bati kwa penseli ya kawaida, ile kaboni inaleta kutu kwenye alumini, wala usisugue kwa stiliwaya.

Mdau wa Hanga:
Mbona hakuna anayeuliza kwanini zimelegea? Ribiti 11 mstari mmoja hazilegei bure. Ishawahi kutua kwa kishindo? Ingia ndani na tochi na kioo uangalie fremu iliyoshikwa na huo mstari, na usifunge kitu fundi mwenye leseni hajaona, yeye ndo anasaini.

Mleta mada:
Nimerudi wakuu. Nimelala ndani ya mkia na tochi karibu saa nzima, nyuma ya ribiti ya nne, kwenye kona ya mkunjo wa fremu, kuna ufa mwembamba kama unywele, urefu wa ukucha wa kidole gumba. Mikono ilinitetemeka. Ndege haitoki, fundi anakuja Jumamosi. Tundu la yai nimepima, kuna milimita 9 mpaka ukingoni. Asanteni sana, nitaleta mrejesho fremu ikishafunguliwa.