Ving'ora vya moshi vya umeme wa nyumba: nibadilishe kimoja au vyote?

Kaya Tulivu
Wakuu, naomba mwongozo. Nyumba ina ving'ora vitano vya moshi vilivyofungwa darini. Vyote vinatumia umeme wa nyumba, kila kimoja kina betri ya akiba ya volti 9, na vimeungana: kimoja kikilia, vyote vinalia. Sasa cha korido kinatoa mlio mfupi wa "pii" kila baada ya dakika moja hivi, usiku na mchana. Betri mpya imewekwa, mlio haujakoma. Nyuma yake pameandikwa 2013. Je, nibadilishe hicho peke yake? Kampuni tofauti zinaweza kufungwa pamoja? Na cha jikoni kinalia kila mtu akikaanga kitu, dawa yake nini?

Nyaya Tatu
Mkuu, hicho cha korido kimekwisha muda wake. Ving'ora vingi vya majumbani hutengenezwa kwa miaka 10, na miaka hiyo huhesabiwa tangu tarehe ya kutengenezwa, siyo siku ya kufungwa. Vumbi na mafuta ya hewani huingia kwenye chemba (kijumba cha ndani kinachonasa moshi), sensa inapoteza usahihi, na modeli nyingi zimewekewa mlio wa kukujulisha hivyo. Betri mpya haiwezi kuunyamazisha. Ukitaka kuwa na hakika, zima umeme, kitoe, ondoa betri, kisha bonyeza kitufe cha kujaribia kwa sekunde 15 ili chaji iliyobaki ndani iishe. Rudisha vyote. Kikiendelea kulia, tatizo si betri.

Badilisha vyote vitano kwa pamoja. Vilifungwa siku moja, vitazeeka pamoja. Sababu kubwa zaidi ni waya wa tatu, wa ishara, unaoviunganisha. Kila kampuni hutuma ishara yake kwa namna yake, hata volteji hutofautiana. Ukichanganya, pengine havitasikilizana, au vitalia ovyo, au utaunguza saketi ya ndani. Hata ndani ya kampuni moja soma orodha ya modeli zinazokubaliana, pamoja na idadi ya juu inayoruhusiwa kwenye mnyororo mmoja.

Kabla ya kununua, hakikisha voltage ya modeli ni ya umeme wako (volti 230 au 120) na uangalie alama ya kiwango: EN 14604 kwa vya soko la Ulaya, UL 217 kwa vya Marekani. Vyenye betri ya lithiamu iliyofungiwa ndani vina bei juu kidogo, ila vinakuepusha na kupanda ngazi kila mwaka. Mimi ningechukua hivyo.

Bisibisi
Naongezea upande wa kufunga, maana hapo ndipo watu wanapoharibu.

Zima breka ya saketi hiyo na uiwekee alama ili mtu asiiwashe. Taa ya kijani kwenye king'ora ikizimika, usiiamini peke yake. Jaribu testa kwanza mahali penye umeme uone inafanya kazi, pima nyaya za king'ora, kisha irudishe tena pale penye umeme. Testa iliyokufa inaonyesha "hakuna umeme" kila mahali.

Zungusha king'ora kinyume na saa, au kitelezeshe pembeni, kitoke kwenye kitako. Piga picha nyaya kabla ya kulegeza skrubu yoyote. Usiamini rangi, kwa sababu waya mweusi kwenye nyumba moja ni laivu (unaoleta umeme), kwenye nyingine ni nyutro (unaourudisha) au waya wa ishara. Fuata zilivyofungwa kwenye kitako cha zamani na herufi zilizoandikwa kwenye vituo vyake: L ya laivu, N ya nyutro, na cha tatu cha kuunganishia. Ethi (waya wa ardhi) mara nyingi haina kazi kwenye vifaa hivi, lakini usiikate. Iegeshe kwenye konekta yake pembeni, iendelee hadi king'ora kinachofuata.

Kitako kipya mara nyingi hakilingani na matundu ya zamani, ikiwa hivyo toboa upya. Na kama plagi ya waya ya modeli yako mpya ni tofauti, badilisha plagi nayo. Usilazimishe ya zamani kwa sababu tu inaingia. Menya waya milimita 8 hivi, kaza skrubu, halafu vuta kila waya taratibu. Ukichomoka sasa una bahati.

Jambo moja linasahaulika sana: ziba tundu la darini linalopitisha kebo kwa silikoni. Hewa ya juu ya dari ikishuka kupitia tundu hilo husukuma moshi mbali na sensa, na kifaa kizima kabisa kinachelewa kulia. Kama kuna kazi ya rangi au kupiga msasa, acha kifuniko cha plastiki cha vumbi hadi imalizike, kisha kitoe. Wapo wanaokiacha hapo miaka.

Chemba
Kuhusu jikoni: usiweke cha moshi, weka cha joto. Hicho hulia hewa ikifika takribani nyuzi 57 au 58 za Selsiasi, hakishughuliki na mvuke wala moshi wa kukaanga. Kiwe cha familia ileile ili kiungane na vingine. Ila kisihesabiwe badala ya cha moshi cha korido, kwa kuwa joto huchelewa kuliko moshi.

Vyumbani na korido chukua vya mwanga. Ndani mna mwale kwenye chemba yenye giza. Moshi ukiingia hutawanya mwanga hadi kwenye sensa. Hivi ni vyepesi kushika moto unaofuka polepole, kama wa godoro au waya. Vya zamani vya ayoni (vinavyotambua moshi kwa chembe za hewa zenye chaji ya umeme) huwahi zaidi moto wa miali, lakini ndivyo vinavyosumbua kwa mvuke na mapishi. Weka darini karibu na katikati, angalau sentimita 30 kutoka ukutani na kwenye taa.

Kaya Tulivu
Asanteni sana ndugu zangu. Vyote vitano vimefungwa, familia moja, taa za kijani zinawaka. Nikibonyeza cha korido kinalia na cha sebuleni tu. Nikibonyeza cha chumba chochote, vinalia vya vyumbani na jikoni, korido kimya. Nimekosea wapi?

Nyaya Tatu
Una makundi mawili, maana yake waya wa ishara umekatika mahali pamoja tu, kati ya kundi la korido na kundi la vyumbani. Umeme unapita, ndiyo maana taa zinawaka. Zima breka, pima, fungua vitako viwili vya mpakani. Mara nyingi utakuta waya umekazwa juu ya plastiki yake, au kwenye kitako kimoja waya unaoingia na unaotoka hazikuwekwa kituo kimoja.

Kama viungo ni vizuri, pima kebo. Chomoa nyaya zote za kebo hiyo pande zote mbili, unganisha wa ishara na mwingine mmoja upande wa kwanza, kisha weka mita kwenye omu upande wa pili. Karibu na sifuri, kebo haijakatika. Mita ikionyesha "OL", yaani hakuna njia ya umeme, imekatika. Ondoa kiungo hicho kabla ya kurudisha chochote, kwani laivu ikiingia kwenye waya wa ishara inaweza kuunguza ving'ora vyote mara moja. Na hakikisha vyote vinatoka breka moja: ishara hupimwa dhidi ya nyutro, na nyutro za saketi mbili hazichanganywi.

Bisibisi
Ukimaliza, bonyeza kila kimoja kwa zamu, siyo kimoja tu, ukingoja hadi sekunde 20 vingine vijibu. Rudia breka ikiwa imezimwa, ndipo utajua betri za akiba zinafanya kazi. Vile vya zamani tazama nyuma: kikiwa na maandishi ya amerisiamu 241 (elementi yenye mionzi) ni cha ayoni, kisivunjwe wala kuchomwa moto, fuata maelekezo ya lebo. Betri zake zitoe kwanza.